Sesiamu inasoma sawa, iodini-123 inaruka: kagua chombo unachopimia

Mkuu, umesema kalibreta ya dozi (mashine inayopima kiasi cha dawa yenye mnururisho kabla ya kumpa mgonjwa) inafaulu kipimo cha sesiamu-137 kila asubuhi, ila iodini-123 ikitoka kwenye kichupa cha kioo na kuingia sirinji ya plastiki, usomaji unapanda. Usimwite fundi kwanza. Mashine huenda ni nzima kabisa.

Mionzi ya gama ya sesiamu ina keV 662 (keV ni kipimo cha nishati ya mionzi), kwa hiyo kioo au plastiki kwake ni karibu yaleyale. Iodini-123 ina gama ya keV 159, lakini hutoa pia eksirei dhaifu za keV 27 hadi 32, na hizo ndizo zinazokusumbua. Kioo huzimeza kwa wingi, plastiki huziachia, na zile zinazoingia kwenye chemba ya kupimia ya mashine huongeza mkondo wa umeme unaosomwa kama dozi. Indiamu-111 ina shida hiyohiyo.

Tafuta kizidisho chenu wenyewe, yaani namba ya kuzidishia usomaji wa sirinji. Pima kichupa, vuta ujazo mnaompa mgonjwa, pima sirinji, kisha pima kichupa tena. Chukua usomaji wa kwanza wa kichupa, toa wa pili, gawanya kwa usomaji wa sirinji. Usivute tone dogo: ukitoa namba mbili kubwa zilizokaribiana, kosa dogo la usomaji linaharibu jibu lote. Vipimo vyote virudishe kwenye muda mmoja, maana nusumaisha ya iodini-123 (muda wa mnururisho wake kupungua nusu) ni saa 13.2 na dakika 15 tu zinaondoa 1.3%. Kizidisho cha sirinji ya ml 1 msikitumie kwa ya ml 5.

Kichungi cha shaba ndani ya kisima cha chemba kinapunguza tofauti hii sana, ila namba ya kalibresheni ya awali (inayogeuza mkondo kuwa dozi) haifai tena, tafuteni mpya. Hatari yake ni siku mtu akisahau kukiweka, hivyo andikeni kwenye mashine yenyewe namba ipi ni ya kichungi.

Halafu sesiamu haikuonyeshi ulinganifu kwenye dozi kubwa, yaani kama usomaji unafuata kiasi halisi. Hapo tumia teknetiamu-99m: anza na kiwango kikubwa kuliko vyote mnavyopima, pima mara kadhaa kwa siku mbili. Baada ya saa 24 ibaki 6.3%, baada ya 48 ibaki 0.39%. Ikisoma chini mwanzoni, ioni (chembe zenye chaji zinazotokezwa na mionzi ndani ya chemba) zinaungana tena kabla ya kukusanywa. Ikisoma juu mwishoni, shuku molibdenamu-99 (inayozaa teknetiamu-99m na huweza kubaki ndani yake) au mnururisho wa mazingira ambao haukuondolewa.