Kindi wa mwembeni hataki kutulia

SWALI: Shikamoo Mzee wa Picha. Nyuma ya nyumba yetu hapa Ukunda pana mwembe mkubwa wenye kindi. Nataka kupiga picha za maisha yao ya kila siku, lakini nikiinua kamera naambulia mkia, au shina tupu. Lenzi yangu ni ya milimita 300. Mume wangu anasema niwawekee karanga. Nifanyeje?
Msomaji, Ukunda

JIBU: Marahaba, mwanangu. Lenzi hiyo yatosha, usiingie gharama. Shida ni kwamba unamwandama. Ukizunguka mwembe naye anazunguka, shina linabaki kati yenu. Weka kiti, ukae. Kindi ana njia zake: tawi lilelile la kushukia, ukuta uleule wa kukatizia. Mtazame kwanza bila kamera, zijue, kisha elekeza lenzi hapo umngoje apite.

Umtambue pia ni kindi gani. Pwani tunao zaidi ya aina moja. Yuko mwenye tumbo na mkia wa rangi ya kutu, mpenda vichaka, na yuko mwenye mkia wa mistari kama pete ambaye asubuhi hujilaza kifudifudi juu ya tawi kuota jua. Kama wako ni huyu wa pili, shukuru Mungu, maana hapo hata kasi ya kufyatua ya 1/250 ya sekunde inafaa. Akiruka, panda hadi 1/1600 na uache ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, nayo ipande. Picha yenye chengachenga naivumilia. Yenye ukungu naifuta.

Jihadhari na mbingu nyeupe nyuma yake, itamfanya awe kivuli cheusi. Sogeza kiti mpaka nyuma yake paonekane majani. Fokasi iwe kwenye jicho, hasa anapokula: hushika tunda kwa mikono miwili, analigeuza, maganda yanadondoka. Hapo piga mfululizo.

Akianza kutoa mlio wa kukatakata huku mkia ukitikisika, ameona hatari. Huenda ni wewe. Huenda ni paka au nyoka, basi tulia na ufuate macho yake. Mimi picha hiyo naipenda kuliko kumi za kindi aliyetazama kamera.

Karanga, hapana, mpe mumeo salamu zangu. Utapata kindi wa kwenye sahani, picha zote sura moja, na akishazoea sahani atafuata jikoni, kisha darini kutafuna nyaya. Na tundu lao usilipandie wala kulimulika. Mama akiingiwa na hofu huweza kuwabeba watoto mdomoni akawahamishia kwingine.

Ukimpata amebeba majani ya kutandika tundu, nitumie. Mikia mitupu ninayo ya kutosha.