Wanasoma ba be bi bo bu vizuri ila neno hawawezi, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha darasa la pili huku Newala vijijini, ndo mwaka wangu wa kwanza kazini, nina watoto 84 chumba kimoja. Silabi wanazijua mno, wakianza ba be bi bo bu wanasikika mpaka barabarani, ila nikiandika neno hata "bibi" tu, kimya. Halafu r wanasoma l, "chura" inakuwa "chula". Kosa ni langu au watoto bado wazito?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na hongera kwa kuuliza mapema.

Hilo la watoto wazito liondoe kabisa. Mtoto aliyeshika mistari yote ile kichwani bila kukosea sio mzito, ila anachofanya ni kuimba, hasomi. Mimi mwaka wangu wa pili kazini, huku huku kusini, siku moja kwa haraka niliandika ubaoni ba bi bo bu, be nikaisahau. Nikagonga ubao, darasa zima likasoma ba, be, bi, bo, bu. Silabi nne, wao wametoa tano. Nikarudia, tano tena. Nilikaa kwenye kiti nikaumia kweli, maana miezi yote ile nilikuwa nawasifia, na kuna watoto nilishawachapa kwa kushindwa kusoma neno wakati kusoma kwenyewe sijawafundisha. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo Jumatatu fanya makusudi kile nilichofanya kwa bahati mbaya. Andika ba bi bo bu uwaangalie macho. Wale wanaosita ndo wanaosoma, wale wanaopiga be kwa sauti kubwa bado. Baada ya hapo usiandike tena silabi kwa mpangilio ule, andika bu, ma, ko, ba, mi, changanya, na usiwaongoze kwa sauti yako, nyooshea kidole tu ukae kimya.

Kingine sikiliza mnavyotaja herufi. Ukimwambia mtoto "be na a" ataunganisha vipi apate ba? Akiunganisha hivyo anapata "bea", na yuko sahihi kwa ulichompa. Mfundishe sauti sio jina, abane midomo kabla ya b kisha aachie na a, ajionee mwenyewe ba inavyotoka.

Sasa neno. Mtoto kabla hajaliona inabidi alisikie linavyokatika, na hapa Newala huna haja ya kununua kitu, korosho zipo. Kila mtoto awe na korosho tano sita zenye ganda, kavu, na wakataze kabisa kung'ata maana mafuta ya lile ganda yanaunguza midomo. Unataja neno, kila pigo la mdomo korosho moja mezani. Ma-sa-si, tatu. Ne-wa-la, tatu. Mimi napenda sana majina ya sehemu kwa sababu mtoto ameyasikia kwa konda tangu hajaanza shule, na yana ngazi nzuri: Masasi na Newala na Liwale ni silabi nyepesi, ukitoka hapo unapanda Li-ndi, halafu Ta-nda-hi-mba, mwisho kabisa Na-chi-ngwe-a. Siku mtoto anayosoma Nachingwea peke yake ubaoni mimi huwa nampeleka kwa mwalimu mkuu akaisome na huko.

Angalia mtego mmoja. Kwenye "mtu" ile m inasimama yenyewe, korosho mbili, m-tu, na Mtwara ni tatu, M-twa-ra. Ila "mboga" m imeshikana na b, mbo-ga, mbili tu. Ukiandika mtu ukasubiri wasome watakwambia "mutu", usikasirike, rudi kwenye korosho wasikie.

Baada ya masikio ndo kadi. Omba katoni dukani, kata vipande, andika silabi kwa makapeni, kila kundi la watoto sita lipate bi, ba, ma, ko, sa, na kadhalika. Waambie watengeneze "bibi", kisha wabadilishe kadi moja iwe "biba", ambalo si neno, na wasome hivyo hivyo. Maneno yasiyo na maana ni kipimo kizuri kuliko vyote kwa sababu hakuna wa kukisia.

Na uwasikilize mmoja mmoja, hili usiliruke hata ukichoka vipi. Watoto 84 utasema haiwezekani, lakini sita kwa siku wakati wenzao wako kwenye kadi, siku 14 za shule umewamaliza wote. Daftari moja, jina na silabi zilizomshinda, basi.

Kuhusu r na l, usiichanganye na kusoma. Mtoto anayeongea Kimakonde nyumbani ulimi wake umezoea l, na wapo watakaokwambia "chitu" badala ya kitu kwa sababu hiyo hiyo ya lugha ya nyumbani. Mpe kadi mbili, ra na la, mwambie "nionyeshe ra". Akiionyesha sawasawa, herufi anaijua, mpe alama yake ya kusoma na usimcheke wala usiruhusu wenzake wamcheke. Matamshi mfundishe pembeni kwa maneno yanayobadilika maana, kura na kula, mahari na mahali, dakika tano kwa siku zinatosha. Asipoionyesha ndo ana shida ya kusoma, huyo mrudishe kwenye kadi.

La mwisho, msimu wa korosho ukifika utaona madawati wazi, wako shambani wanaokota na bibi zao. Usigombane na mzazi. Tengeneza bahasha ya kadi kwa kila mtoto anayekosa kosa, aende nayo, na akirudi anaanzia pale daftari lako linaposema aliishia, sio pale darasa lilipofika.