Kutua na kindege kidogo uwanja wa kando ya ziwa: mandhari isikupumbaze

Mara yangu ya kwanza kutua uwanja wa kando ya ziwa nilikuwa na shemeji yangu kiti cha kulia, simu mkononi anarekodi, na kusema ukweli palikuwa pa kurekodi, maji upande huu, maghorofa upande ule, ranwei, yaani njia ya kutulia, imelala katikati imenyooka kama kamba. Tawa, yaani waongoza ndege wa uwanjani, wakanipa upepo wa noti 6 (maili 6 za baharini kwa saa), karibu sawa kabisa na ranwei, nikajisemea leo ni mteremko. Nikashuka vizuri tu, kufika kama futi 100 hivi naona mfuko wa upepo wa mwisho huu umejaa unaelekea mjini, ule wa mwisho wa pili umenywea kama soksi ya mtoto. Ndege ikaanza kusukumwa kwenye maghorofa, nikakanyaga pedali nikalaza bawa upande wa ziwa, ikatulia, alafu upepo ukakatika ghafla nikajikuta nimeliinamia ziwa bila sababu yoyote. Nikasukuma gesi yote nikapaa tena. Shemeji hajui hili wala lile, bado anarekodi. "Shem, mbona hatujatua?" Nikamwambia nilitaka upate na upande wa pili.

Sasa kilichonipata wala sio ajabu, ni sayansi ya shule ya msingi. Ardhi inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu ya ardhi inapanda, ya ziwani inakuja kujaza pale ilipotoka, ndo huo upepo wa ziwa, na kwa kawaida unaanza asubuhi jua likishapanda na unakolea mchana. Viwanja vya namna hii vingi ranwei imefuata ukingo wa maji maana kipande cha ardhi chenyewe ndo hicho kilichopatikana, angalia uwanja wa Burke Lakefront wa Cleveland, Marekani, ulivyojilaza kando ya ziwa Erie, kwa hiyo upepo wa ziwa ukiamka unakupiga ubavuni. Ukitokea mjini ndo balaa zaidi, umepita katikati ya maghorofa unakufikia umevurugika, unasukuma, unaachia, unasukuma tena. Na kipimo cha tawa kimesimama sehemu moja tu ya uwanja, wewe unaenda kugusa chini sehemu nyingine kabisa.

Dawa yake mi naanza kuyasoma maji nikiwa bado mbali. Mashua iliyotia nanga inageuza pua kule upepo unakotoka. Ukiona utepe wa maji laini umeng'aa kando ya ufukwe mmoja, na kadiri unavyoenda mbali na ufukwe huo viwimbi vinaongezeka, basi upepo unatokea upande wa ule utepe. Alafu omba upepo wa miisho yote miwili ya ranwei, usione aibu, tawa wengi wanakupa bila neno. Na ukiona umeshaanza kubishana na ndege chini ya futi 200, ondoka, kazunguke, mafuta ya kuzunguka mara moja ni kidogo kuliko bei ya bawa.

Kuna watu watakwambia nenda alfajiri upepo umelala. Ni kweli ila sio kila ziwa. Ziwa Victoria usiku mambo yanageuka, ardhi inapoa, upepo unatoka nchi kavu pande zote unaenda kukutana katikati ya ziwa, joto la maji linasaidia, mawingu ya radi yanajengeka huko mpaka alfajiri. Ukiamka mapema ukaona anga ya mjini nyeupe ukajua mambo safi, kumbe giza lote liko upande wa maji unakotaka kupita. Angalia picha ya setilaiti kabla hujafungua mlango wa ndege.

Na hapo hapo Ziwa Victoria kuna mtego mwingine ambao hauonekani kwa macho. Ukiona maji mpaka upeo wa macho akili inakwambia tuko usawa wa bahari, wakati viwanja kama Mwanza, Kisumu na Entebbe viko juu ya futi 3,700. Siku ya joto la digrii 30 hewa inakuwa nyepesi, ndege yako inajisikia kama iko futi zaidi ya 6,000. Kwenye kutua utaona tu ardhi inakimbia kasi kuliko ulivyozoea (usivute pua ukidhani una spidi kubwa, amini kipimo cha spidi), shida yenyewe iko kwenye kuondoka ukiwa na watu wanne na tenki zimejaa. Fungua kitabu cha ndege, piga hesabu, usikadirie.

Macho nayo yanadanganya kwenye urefu. Ukija juu ya maji yaliyotulia kama kioo huna mti, huna nyumba, huna cha kupimia uko juu kiasi gani, na usiku ni mara kumi, chini giza tupu mbele taa za mji, unajiona uko juu mno kumbe uko chini. Mi mwenyewe usiku mmoja nilikuwa nimejiridhisha kabisa kwamba niko juu, napunguza nguvu, kuja kuangalia taa za PAPI pembeni ya ranwei, zile zinazokuonyesha uko juu au chini ya njia ya kushukia, zote nne nyekundu, yaani niko chini mno. Zinatakiwa mbili nyeupe mbili nyekundu. Jasho lililonitoka hapo siwezi kulielezea. Siku hizi nahesabu kwa kichwa, futi 300 kwa kila maili moja ya baharini iliyobaki, maili tatu niwe kama futi 900 juu ya ranwei, macho yaseme yanachotaka.

Tuje kwenye ambalo watu hawapendi kuliongelea, injini kuzima juu ya maji. Cessna 172, kindege cha injini moja cha watu wanne, kwa kila futi 1,000 za urefu inakupeleka kama maili moja na nusu hivi bila injini, na hapo ni kama hakuna upepo wa mbele. Kwa hiyo waongoza ndege wakikwambia shuka hadi futi 1,500 ukiwa maili tatu toka ufukweni, ufukwe hufiki, hesabu iko wazi. Mi huwa naomba kubaki juu au kufuata ukingo wa ziwa, nasema tu "injini moja, naomba nibaki karibu na nchi kavu", wanaelewa, na wakikataa basi najua nimeingia nikiwa najua. Jaketi okozi livaliwe kabla ya kuwasha injini, sio liko nyuma chini ya begi la mtu, na usilijaze upepo ukiwa ndani ya ndege maana litakubandika kwenye paa na mlango utauona hivi hivi. Ndege za matairi yasiyokunjwa zikigusa maji mara nyingi zinabinuka, kwa hiyo mlango unaufungua kidogo kabla hujagusa, na kila abiria anaonyeshwa kitasa kiko wapi akishike huku amefumba macho. Shemeji alinicheka nilipomfanyisha hivyo. Akacheka tu, ila alishika. Ile ndege ya abiria iliyoingia ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ilikuwa inakuja kutua, uwanja uko pale pale, wavuvi ndo wakawa wa kwanza kuifikia, na bado watu 19 walifariki. Ukaribu wa ufukwe peke yake sio usalama.

Mengine haraka haraka. Hewa ya ziwani ina unyevu, kabureta inaweza kushika barafu hata siku ambayo wewe unatoka jasho, hasa unaposhuka gesi ikiwa chini, kwa hiyo vuta kitasa cha joto la kabureta kabla ya kupunguza gesi. Ndege wenyewe, yaani wale wenye manyoya, wanapenda panapomwagwa uchafu wa samaki, washa taa ya kutulia mapema, na wakikutokea mbele mara nyingi wanakwepa kwa kuzama chini, kwa hiyo wewe panda. Ukilaza ndege hapo ifunge kamba vizuri, upepo wa mchana hauna adabu, na mrija wa pito, ule unaopeleka hewa kwenye kipimo cha spidi, uuvike kifuniko, wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi wanaingia popote.

Mafuta sasa. Kuna uwanja mmoja sitautaja, nikapiga simu nikauliza mafuta yapo, nikajibiwa yapo. Nimefika yapo kweli, ya jeti. Kindege changu kinakunywa avgasi, yaani petroli ya ndege. Nililala hapo siku mbili nasubiri pipa. Ulizia kwa jina, avgasi 100LL, ile ya bluu, na uliza ipo leo au huwa ipo, maana hayo ni majibu mawili tofauti.

Na notamu, yale matangazo rasmi kwa marubani kuhusu hali ya viwanja, zisome asubuhi ile ile ya safari. Chicago walikuwa na uwanja mtamu kabisa, Meigs, uko kwenye maji pembeni ya katikati ya jiji, usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Machi 2003 meya Richard M. Daley akapeleka matingatinga yakachimba alama kubwa za X katikati ya ranwei, ndege 16 zikakwama pale chini, baadae zikaruhusiwa kuruka kwa kutumia njia ya pembeni ya kutembezea ndege. Wenye hizo ndege walilala uwanja upo, wakaamka haupo. Mi nazisoma hata nikirudi uwanja nilioondoka jana yake jioni.