Kwako kinyozi wa Ndosho unayelia kiti kitupu

Jumapili iliyopita kijana mmoja wa mtaa wa Ndosho, hapa Goma, aliniandikia: "Yaya (yaani mkubwa wangu), nimefungua saluni, wiki ya tatu sasa. Nakata vichwa viwili kwa siku na kodi inakaribia. Nishushe bei?" Nilimjibu kwa kifupi, usishushe. Halafu usingizi ukanikataa, maana swali hilo nilijiuliza mimi mwenyewe zamani na nikalijibu vibaya.

Kazi nilijifunzia Birere, kwa bosi ambaye sitamtaja. Miaka mitatu nilimfagilia nywele na kukaa na wateja wake alipochelewa. Wakaanza kuuliza, "Yule kijana yuko wapi?" Siku walipouliza mbele yake akanifukuza bila mshahara wa mwezi ule, akatangaza kwenye avenu nzima kwamba nimemwibia mashine. Sikuiba. Ile mashine niliinunua kwa faranga zangu, kidogo kidogo. Mpaka leo nikipita pale moyo unanidunda.

Nikajenga kibanda cha mbao Majengo, juu ya mawe ya volkano, nikaweka bei nusu ya ile ya majirani. Watu wakajaa! Motari wa pikipiki, wanafunzi, vijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Nilikata mbiombio ili hesabu ya siku itimie. Mashine ikawa moto, ikang'oa nywele badala ya kuzikata, na nafasi ya kuisafisha kati ya mtu na mtu sikujipa. Baada ya siku kadhaa mama mmoja akarudi na mtoto wake, choa kimemtapakaa kichwani. Hakunitukana. Alisimama mlangoni, akaionyesha foleni nzima kile kichwa, akaondoka. Wiki mbili baadaye nilibaki na kiti na kioo.

Na wale wa bei ya chini? Mtu aliyekufuata kwa sababu ya faranga mia tano, akisikia jirani amepunguza mia mbili zaidi, ameshavuka barabara.

Kilichoninyanyua ni Sake. Tarehe 22 Mei 2021 volkano yetu, Nyiragongo, ilitema moto, ukashuka mpaka Buhene, pembezoni mwa mji. Tarehe 27 tukaamriwa kuhama, nasi Majengo tukiwemo, tukashika njia ya Sake, kilomita kama 25, watu kwa maelfu. Mgongoni nilikuwa na godoro, mfukoni mashine ya betri na chupa ya alkoli. Pale Sake palikuwa na kijana anayechaji simu kwa sola. Nilimnyoa, naye akanichajia.

Siku ya tatu mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, ninyoe, nisije nikafanana na mkimbizi." Nilimkalisha juu ya bidoni, dumu la maji. Kwa kuwa hapakuwa na foleni wala haraka, nilipiga meno ya mashine brashi, nikayapangusa kwa alkoli, nikasubiri yakauke, yote mbele ya macho yake. Watu walisimama wakatazama. Aliyefuata akasema, "Nifanyie kama ulivyomfanyia yule mzee." Nilipokea walichonacho, hata viazi.

Juni tuliporudi mjini walinitafuta, kutoka Mabanga, Kahembe, Virunga. "Ni wewe yule wa Sake?" Kila mmoja akaja na kaka au mtoto. Leo nina viti vitatu, na vijana wawili nimewafundisha mimi, nawalipa kila mwezi bila kukosa.

Basi, mdogo wangu, safisha mbele ya mteja. Ukisafishia nyuma ya pazia yeye atajuaje? Ondoa nywele kwanza, kisha alkoli ya asilimia 70, kisha tone la mafuta kwenye meno ili mashine isichemke. Wembe uwe mpya kwa kila mtu, na karatasi yake uifungue akiona, maana UKIMWI na homa ya ini hupita kwenye damu. Usisubiri akuombe.

Kuna jambo vijana hawapendi kulisikia kwa sababu wanawaza mitindo tu: vipele vya ndevu. Nywele zetu zinajipinda. Ukizikata chini kabisa zinarudi kuchoma ndani ya ngozi. Mteja mwenye vipele shingoni muachie kidogo, fuata nywele zinakoelekea, na umweleze kwa nini. Nimepata wateja wengi kwa shingo zilizopona kuliko kwa picha zote nilizoweka WhatsApp. Picha weka, lakini muombe mwenyewe ruhusa.

Najua pesa ni ngumu. Tangu benki zilipofunga milango Januari 2025, mtu aliyekuwa akinyoa kila wiki anakaa mwezi. Asiyekuwa nazo zote, andika kwenye daftari, atalipa kwa simu akipata. Bei iache pale pale. Narudia tena, iache. Ukiishusha utakimbizana na vichwa, na ukikimbizana na vichwa utaacha kusafisha. Nimepita humo, na walionilea katika kazi hawakunionya. Mimi nakuonya.

Yule mama wa Majengo hajarudi kwangu. Huwa namwona soko la Virunga. Mtoto amekua, ananyolewa kwingine, na wananyoa vizuri. Namsalimia, "Jambo mama," naye ananiitikia, anaendelea kuchagua nyanya.