Fuata mfongo: kwa mnaoanza kazi ya mtandao wa waya majumbani

Aliyekulia upande wa mlimani, Kibosho au Old Moshi, hili analijua tangu utotoni. Maji yakiacha kufika kihambani, shamba la migomba la nyumbani, hakuna mzee anayeanza kuchimbua migomba. Anabeba jembe, anaufuata mfongo, yaani mfereji unaoleta maji kutoka mlimani, kwa miguu, anatazama maji yanaonekana wapi na yanapotelea wapi. Katikati ya sehemu hizo mbili ndipo penye kasoro: majani yameziba, ukingo umebomoka, au leo ni zamu ya jirani wa juu na maji yameelekezwa kwake. Mimi natengeneza mitandao ya majumbani hapa Moshi mjini, na kila kijana anayekuja kujifunza kwangu namwanzishia hapo. Kompyuta ya mezani isiyopata intaneti ni kihamba kilichokauka. Usikichimbue. Ufuate mfongo.

Nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona madhara yake. Mama mmoja wa Pasua alipigiwa Windows upya, yaani mfumo wa kompyuta ulifutwa na kuwekwa upya, na fundi aliyemtangulia kwangu, akapoteza picha zote za marehemu mumewe. Mtandao haukurudi. Nilipofika nilisogeza kabati, nikakuta panya wametafuna kebo. Kebo ya mita tano! Kupiga Windows si kipimo, ni kubomoa nyumba kwa sababu taa haiwaki. Ukishindwa kabisa, mwambie mwenye nyumba umeshindwa, lakini vitu vyake uviache salama.

Kwa hiyo ukifika, salimia vizuri, kaa, uliza kabla ya kugusa. Iliacha lini? Kuna kitu kilihamishwa, meza, ruta (kile chombo kinachogawa intaneti nyumbani), kabati? Umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo? Kisha swali ambalo huokoa nusu ya kazi: simu za humu ndani zinapata intaneti kupitia ruta hiyohiyo? Simu nazo zikiwa hazipati, tatizo liko juu, kabla ya ruta au kwenye ruta yenyewe. Huenda bando limekwisha, na hilo uliulize kwa heshima, pembeni, si mbele ya wageni wake. Simu zikipata na kompyuta isipate, tatizo liko kati ya ruta na meza, na hapo ndipo kazi yako.

Anza na taa. Karibu kila tundu la kebo, nyuma ya kompyuta na kwenye ruta, lina kitaa kidogo. Kikiwaka, vyombo viwili vimeonana. Kikiwa kimezimika pande zote mbili, usihangaike na mambo ya ndani ya Windows kwanza. Hakuna maji kwenye mfongo. Chomoa kebo, ichomeke tena hadi usikie mlio wa kishikizo. Vishikizo vya plastiki huvunjika haraka sana, na kebo isiyoshikwa huteleza kidogokidogo kila mtu anapogusa meza kwa goti. Kisha jaribu tundu jingine la ruta, na hakikisha si lile la kupokelea intaneti, ambalo mara nyingi lina rangi yake tofauti. Kisha jaribu kebo unayoijua ni nzima. Tembea nayo kwenye begi siku zote, uipime kila Jumatatu, na usiiuze hata ukibembelezwa.

Badilisha kitu kimoja, kisha tazama. Nilipoanza, nyumba moja ya Majengo, nilibadilisha kebo, nikaweka draiva mpya (programu inayoendesha kadi ya mtandao), nikazima na kuwasha ruta, vyote kwa mkupuo mmoja. Mtandao ukarudi, nikashukuru, nikaondoka. Baada ya wiki ukapotea tena na sikujua ni kipi kati ya vitatu kiliuponya. Nilirudi mara tatu bila kumtoza yule baba, na ilikuwa haki yake.

Sasa kebo yenyewe, kwa kuwa hapa ndipo vijana wengi huteleza. Ndani mna nyaya 8 zilizosokotwa mbilimbili, jozi 4. Mpangilio tunaoutumia sana ni huu, kutoka kushoto kishikizo kikiwa chini: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Utaona kijani imetenganishwa, moja namba 3 na nyingine namba 6, na bluu imekaa katikati yake. Si urembo. Waya wa 3 na wa 6 hufanya kazi kama jozi moja, na msokoto wao ndio unaozuia kelele za nyaya za jirani zisiingie. Kuna wanaopanga rangi zikifuatana mbilimbili kwa kuwa hivyo ni rahisi kukumbuka, kisha wanapanga vilevile upande wa pili. Testa, kile kipimio cha kebo, inawaka taa zote 8 kwa mfuatano na wanaridhika. Kebo fupi itafanya kazi pengine. Ukiivuta mita 30 hadi chumba cha uani, mtandao unaanza kukatikakatika na huoni sababu, maana testa imekuambia mambo ni mazuri. Testa ya bei ndogo inajua tu kama waya umefika. Haijui umefika na nani.

Kijana mmoja wa Soweto anahariri video za harusi nyumbani kwake, ana kompyuta mbili. Alinilalamikia kwamba kunakili gigabaiti 60 za harusi moja kutoka mashine hii kwenda ile kulichukua zaidi ya saa nzima. Mtandao ulikuwepo, taa ziliwaka. Nikafungua hali ya kadi ya mtandao, sehemu ya kompyuta inayopokea kebo, nikaona kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, na vyombo vyake vyote ni vya megabiti 1,000. Kasi ya 100 hutumia nyaya 4 tu, za 1, 2, 3 na 6. Kasi ya 1,000 inazihitaji zote 8. Jozi moja ikikatika, bluu au kahawia, vyombo mara nyingi havikatai kazi. Vinashuka hadi 100 na kunyamaza. Waya wake wa kahawia ulikuwa umekatika ndani ya kichwa, kile cha plastiki kinachochomekwa tunduni. Nilikata, nikabana kichwa kipya, na harusi ileile ikanakiliwa ndani ya robo saa. Tangu hapo naangalia namba hiyo kila nyumba, hata kama sikuitiwa kasi.

Mnunue kebo kwa macho yenu. Kwangua waya mmoja kwa wembe dukani. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba juu: ukiikunja mara chache inakatika, na vichwa vyake hulegea baada ya muda. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Bei inatofautiana kweli, lakini mweleze mteja kabla ya kununua, achague mwenyewe. Na usivute zaidi ya mita 100 kutoka chombo hadi chombo. Huo ndio mpaka wake.

Kuna jambo la kwetu huku chini ya mlima ambalo halina budi kusemwa: radi. Masika, Machi hadi Mei, napokea kompyuta nyingi ambazo tundu la mtandao limekufa na sehemu nyingine zote ni nzima. Radi haihitaji kuipiga nyumba. Ikipiga jirani, waya mrefu uliopita nje unaokota umeme na kuuingiza hadi kwenye kadi. Dalili yake ni kwamba kebo nzima na tundu zima la ruta havileti taa hata kidogo. Hapo usimwambie mteja anunue kompyuta. Kuna adapta ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la USB inayopokea kebo ya mtandao, na inatosha. Ila mfundishe kuchomoa vyote viwili mawingu yakikusanyika, waya wa umeme na kebo ya mtandao, maana wengi huchomoa umeme tu. Wewe nawe usivute wala kubana kebo ya nje wakati kunanguruma. Na mwenye nyumba mbili uwanja mmoja akikuomba uziunge kwa kebo ya shaba juu ya miti, mshauri faiba, kebo inayopitisha mwanga badala ya umeme.

Taa ikiwaka na intaneti haipo, sasa ndipo unakaa kwenye kiti. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl. Kadi ikiwa ya kijivu imezimwa; iwashe. Zima Wi-Fi kama ipo, ili usidanganyike unapima njia nyingine. Kisha fungua cmd, dirisha la kuandikia amri, andika ipconfig, uone anwani, yaani namba ya kompyuta kwenye mtandao. Anwani ikianza na 169.254, kompyuta iliomba anwani kwa ruta, haikujibiwa, ikajipa yake. Rudi kwenye ruta na kebo. Anwani ikiwa tofauti kabisa na za simu za nyumbani, mfano simu ni 192.168.1 na kompyuta ni 10.0.5, uliza kama mashine ilitoka ofisini. Mara nyingi mtu wa kule aliiandikia anwani kwa mkono. Irudishe ipokee yenyewe.

Kisha panda mfongo kwa ping, amri ya kuuliza kama namba fulani inajibu, ukiiandika palepale kwenye cmd. Kwanza lango, ile namba iliyo kwenye mstari wa Gateway. Ikijibu, nyumba yako iko sawa. Kisha 8.8.8.8, namba ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Isipojibu wakati lango linajibu, kwa kawaida shida iko kwa mtoa huduma au bando. Ikijibu lakini jina la tovuti halifunguki, kinachokosekana ni mtafsiri wa majina, DNS, anayegeuza jina la tovuti kuwa namba, nawe umebakiza kuweka namba zake.

Na kama ping zote zinajibu lakini kila tovuti inaonya kwamba si salama, tazama saa pale pembeni chini. Kompyuta nyingi za mezani tunazouziwa hapa ni zilizokwisha kutumika, na betri ndogo ya CR2032 ndani yake imechoka. Umeme ukikatika, tarehe inarudi nyuma miaka mingi, na kompyuta inakataa cheti cha usalama cha tovuti kwa kuwa kwa saa hiyo bado hakijaanza kutumika. Wapo waliobadilisha ruta nzima kwa sababu ya betri hii.

Ukimaliza, usifungue wewe tovuti ya kwanza. Mpishe mwenye nyumba akae, afungue anachokihitaji, barua pepe yake, darasa la mtoto. Wakati anafungua, bandika kikaratasi kwenye kila ncha ya kebo: inatoka wapi, tarehe ya leo, rangi ulizotumia. Atakayekuja baada yako atauanza mfongo akiwa na ramani mkononi.