Bado kinafaa, kaka

Kaka, umeuliza kama kitabu cha Steve Krug, Don't Make Me Think, bado kinamfaa anayejifunza kutengeneza tovuti leo, maana kilitoka 2000. Kinafaa, tena sana. Tafuta toleo la tatu, la 2014, ndilo lililoongezewa sura ya simu, na wateja wangu hapa Mbeya karibu wote wanaingia kwa simu.

Wanaosema ni chepesi mno sikubaliani nao. Sehemu ya majaribio peke yake imenifaa kuliko kozi niliyolipia. Anashauri uwaite watu watatu kila mwezi, ukae pembeni uwatazame wakitumia tovuti, basi. Nilifanya hivyo Mwanjelwa na ukurasa wa oda za mchele wa Kyela. Mama mmoja alijaza kila kitu vizuri, akafika kwenye kitufe kilichoandikwa "Wasilisha", kidole kikabaki hewani. "Mwanangu, niwasilishe wapi tena?" Nikaandika "Tuma oda". Wawili waliofuata hawakuuliza kitu. Peke yangu ningekaa mwaka mzima bila kuliona hilo, kwa sababu neno nililiweka mwenyewe.

Kasoro ipo: mifano yake mingi ni ya tovuti za Marekani, na bando linaloisha kabla ukurasa haujafunguka hutalikuta humo. Hapo anza kwa kupunguza uzito wa picha, halafu ijaribu tovuti yako ukiwa kwenye Hiace ya Tukuyu, mtandao unapokatakata kule milimani.