Mwanangu, umeniuliza chama gani

Mwanangu mpenzi,

Waalaykumu salaam. Ujumbe wako nimeupata. Unasema tangu uanze kazi hotelini Nungwi umezidi kuamini ujamaa, kwamba anayetoka jasho ndiye wa kufaidi, na sasa wenzako wanakuvuta, huyu CCM, yule ACT-Wazalendo. Unataka mamaako akwambie mjamaa wa Kizanzibari akae wapi.

Ujue kwanza kuwa hapa Pemba ukiutaja ujamaa mbele ya wazee, hawakumbuki Azimio la Arusha. Wanakumbuka mizani ya karafuu. Unguja, baada ya Mapinduzi ya 1964, mashamba makubwa yaligawiwa eka tatu tatu, na aliyekuwa kibarua akapata shamba lake. Huku kwetu mikarafuu mingi ilikuwa tayari mikononi mwa watu wadogo, na babu yako alikuwa mmoja wao. Kilichotufika sisi ni serikali kuwa mnunuzi wa pekee. Mwanzoni mwa miaka ya sabini bei ya dunia ilikuwa nzuri, Indonesia wakinunua karafuu kwa ajili ya sigara zao, lakini mkulima akipewa kipande tu cha bei ile. Bibi yako alichambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, mpaka vidole vikaingia weusi, babu yako akaanika na kuanua kila wingu likijikusanya, halafu kituoni karani anapima, anaandika, basi. Ndipo magunia yakawa yanavuka usiku kwenda Kenya. Waliovusha hawakuwa mabepari, walikuwa majirani zetu.

Sikwambii haya uuchukie ujamaa. Elimu bure ilitangazwa Septemba 1964, na bila ya hiyo mimi nisingeshika chaki. Nakwambia ili chama chochote kikikuimbia "mali ya umma" uulize huo umma una sauti gani siku ya kupanga bei.

Sasa hao CCM. Katiba yao mpaka leo inasema Ujamaa na Kujitegemea ndiyo njia. Lakini mwaka 1991 wakubwa wao walikaa hapa hapa Zanzibar wakalegeza miiko ya uongozi, kiongozi akawa huru kumiliki hisa na kupangisha nyumba. Neno likabaki kwenye katiba. Hata hivyo haki yao tuwape: Pencheni Jamii waliianza wao mwaka 2016, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee aliyefika miaka 70, bila kuuliza ana kadi ya nani. Bibi yako hajawahi kuwapigia kura na anapokea. Huo ndio ujamaa nionao mimi, upende usipende umetoka kwa nani.

ACT nao wana Azimio la Tabora la 2015, lenye kutaka kuirudisha misingi ya Arusha. Ila usidhani Pemba iliwafuata kwa hilo. Mwaka 2019 Maalim Seif, kiongozi wa upinzani, alipotoka CUF, chama cha kiliberali, akaingia ACT, watu walishusha tanga na kupandisha tanga kama alivyosema, na ofisi zikapakwa zambarau. Aliyekuwa mliberali Jumapili akawa mjamaa Jumanne, na wengi hawakujua! Kwetu chama hurithiwa: huyu wazee wake Afro-Shirazi (ASP), yule Hizbu, vyama vya tangu kabla ya Mapinduzi. Wajamaa hasa, akina Abdulrahman Babu wa Umma Party ya 1963, walimezwa na ASP punde tu baada ya Mapinduzi, na Babu mwenyewe akaja kufungwa miaka ya sabini.

Ukinibana, kwa maandishi naona ACT wako karibu zaidi na unachokitafuta, maana wanautaka ujamaa pamoja na demokrasia, na ule usio na demokrasia tumeshauonja. Kwa vitendo bado. Ndani ya serikali ya umoja wa kitaifa waliyoingia mwaka 2020 walikuwa wadogo, hukupata cha kuwapimia.

Na kumbuka tunapewa karatasi tano, na hakuna sheria inayozitaka zote ziende mahali pamoja. Mimi huzigawa. Ya Mwakilishi ndiyo naifikiria sana, kwa kuwa karafuu, mwani na ardhi ni mambo ya Baraza la Wawakilishi, si ya Dodoma. Mama yako mdogo anashinda na maji ya kiuno akifunga mwani, na mnunuzi akija bei anayo mfukoni. Mgombea asiye na la kusema juu ya bei ile, wala juu ya fukwe zinazokodishwa wavuvi wakakosa pa kuegesha ngalawa, mimi sina haja ya rangi ya kofia yake.

Kadi ya siasa isubiri. Hapo hotelini mna chama cha wafanyakazi? Maana barua yako ndefu yote hukusema kama umepewa mkataba, na hilo ndilo ninalotaka unijibu kwanza.

Mamaako, Wete